Kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya tumbo: kinaweza nini na hakiwezi nini?

Katika miaka ya karibuni zimeenea habari nyingi kuhusu vipimo vya damu vinavyoweza kunasa seli za saratani zinazozunguka mwilini. Habari hizo zimewafikia jamaa walioko nyumbani na walioko ughaibuni pia. Mgonjwa akishafanyiwa upasuaji wa tumbo Dar es Salaam au Mombasa, simu hupigwa Muscat, London au Minneapolis: je, huko mliko hakuna kile kipimo cha damu kinachoonyesha kama saratani imekwisha? Mara nyingi familia huwa tayari kuchanga fedha, na hata kuuza kiwanja, ili kipimo hicho kipatikane.

Wapenzi wasomaji, makala yetu ya leo inaeleza kipimo hicho ni kitu gani, kinafanya kazi vipi, utafiti umegundua nini hadi sasa, na jambo gani familia inapaswa kuuliza kabla ya kutoa fedha zake.

UGONJWA UNAOCHELEWA KUJULIKANA

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kwa Kiswahili neno tumbo lina maana pana. Saratani tunayoizungumzia hapa ni ile inayoanzia kwenye mfuko wa chakula, si ya utumbo, ini wala kongosho. Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu wanaokaribia milioni moja waligunduliwa kuwa na saratani hiyo, na wapatao 660,000 walifariki dunia kwa sababu yake. Inashika nafasi ya tano miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi zaidi duniani.

Chanzo kikubwa cha ugonjwa huu ni bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, yule yule anayesababisha vidonda vingi vya tumbo. Bakteria huyo aligunduliwa na madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao yeye mwenyewe ili kuonyesha kuwa wanadhuru tumbo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1994, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimwingiza bakteria huyo katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Watu wengi wanaishi naye bila kupata saratani. Hata hivyo kwa baadhi yao uvimbe hudumu miaka mingi katika ngozi ya ndani ya tumbo, na mwishowe seli hubadilika.

Ubaya wa saratani hii ni kwamba mwanzoni haina dalili za pekee. Mtu huhisi kiungulia, tumbo kujaa upesi na hamu ya kula kupungua. Hununua dawa za vidonda vya tumbo katika duka la dawa, naye hupata nafuu kwa muda. Zinapokuja dalili za kutisha, yaani kukonda, kutapika, kupata choo cheusi kama lami au kupungukiwa damu, mara nyingi ugonjwa huwa umekwishatoka nje ya tumbo. Korea Kusini, ambako watu wenye umri wa miaka 40 na zaidi huitwa kupimwa kila baada ya miaka miwili, zaidi ya wagonjwa saba kati ya kumi huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. Marekani, ambako hakuna utaratibu kama huo, ni wagonjwa wasiofikia wanne kati ya kumi.

UPASUAJI ULIOFAULU NA MGONJWA ALIYEFARIKI

Ili kufahamu kwa nini madaktari wanatafuta seli za saratani ndani ya damu, turudi nyuma hadi Januari 29, 1881, mjini Vienna, Austria. Siku hiyo daktari bingwa Theodor Billroth alimpasua mama mmoja mwenye umri wa miaka 43, Therese Heller, akakata sehemu ya tumbo yenye saratani na kuunganisha sehemu iliyobaki na utumbo. Huo ndio upasuaji wa kwanza wa aina hiyo ambao mgonjwa alipona kidonda chake. Ulimwengu wa tiba ulishangilia. Lakini baada ya miezi minne hivi mama huyo alifariki dunia. Mshono haukuwa na tatizo. Saratani ilikuwa imekwishasambaa kabla ya kisu kumgusa.

Miaka 12 kabla ya upasuaji huo, yaani mwaka 1869, daktari mmoja wa Melbourne, Australia, aitwaye Thomas Ashworth, aliandika habari ya jambo aliloliona kwa hadubini. Katika damu ya mgonjwa aliyefariki kwa saratani alikuta seli zinazofanana na zile za uvimbe wenyewe. Kisha mwaka 1889 daktari wa Uingereza, Stephen Paget, akaeleza kuwa saratani husambaa kama mbegu: hupeperushwa kila upande, lakini huota pale tu inapokuta udongo unaoifaa. Mbegu hizo, zikiwa njiani ndani ya damu, ndizo zinazotafutwa na vipimo vya leo.

KIPIMO KINAVYOFANYA KAZI

Kazi hiyo si rahisi. Kipimo kinachojulikana zaidi, kiitwacho CellSearch, hutumia mililita 7.5 za damu, ambazo ni kama kijiko kimoja na nusu cha chai. Katika kiasi hicho kidogo mna chembe nyekundu zaidi ya bilioni 30 na makumi ya mamilioni ya chembe nyeupe. Seli za saratani, kama zipo, zinaweza kuwa tano, mbili au moja tu.

Ili kuzipata, wataalamu hutia katika damu vipande vidogo mno vya chuma vilivyopakwa kingamwili. Kingamwili hizo hushika protini iitwayo EpCAM, ambayo hupatikana juu ya seli za ngozi ya viungo kama tumbo, utumbo na matiti, lakini haipo kwenye chembe za kawaida za damu. Halafu sumaku huvuta vile vipande vya chuma pamoja na seli vilizozinasa. Seli hizo hutiwa rangi maalumu, mashine huzipiga picha, na mtaalamu huzihesabu moja baada ya nyingine. Damu yenyewe huwekwa katika chupa yenye dawa ya kuhifadhi seli, na inapaswa kushughulikiwa ndani ya saa 96. Kwa hiyo si kipimo cha kuchukulia damu katika chupa yoyote na kumpa msafiri aondoke nayo.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kipimo hicho mwaka 2004 kwa wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa, mwaka 2007 kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa, na mwaka 2008 kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa. Saratani ya tumbo haimo katika ruhusa hizo tatu. Msomaji alizingatie jambo hili, kwa sababu matangazo mengi ya biashara hulipita kimyakimya.

JAPAN ILIYOYAONA

Hata hivyo utafiti juu ya saratani ya tumbo umefanyika, hasa Asia ya Mashariki ambako ugonjwa huu ni mwingi. Mwaka 2010 watafiti wa Japan walichapisha matokeo ya wagonjwa 52 ambao saratani yao ilikuwa imefikia hatua ya juu, nao walikuwa wakianza tiba ya kemikali, ambayo wengi huiita kemo. Damu yao ilipimwa kabla ya tiba, kisha wiki ya pili na wiki ya nne. Wale ambao baada ya tiba kuanza bado walikuwa na seli nne au zaidi katika kipimo kimoja, ugonjwa wao ulisonga mbele upesi zaidi na waliishi muda mfupi zaidi kuliko wale ambao seli zao zilikuwa chache.

Umuhimu wa matokeo hayo unatokana na suala la wakati. Kwa kawaida daktari husubiri miezi miwili hivi ndipo arudie skani ya CT na kuona kama uvimbe umepungua. Katika muda huo mgonjwa anaendelea kunywewa nguvu na dawa: anatapika, nywele zinamtoka, vidole vinakufa ganzi. Iwapo dawa haifanyi kazi, mateso yote hayo ni ya bure. Kipimo cha wiki ya pili kinachoweza kuashiria hali halisi kingekuwa msaada mkubwa.

Mwaka 2013 watafiti wa Kagoshima, huko huko Japan, walitoa matokeo ya wagonjwa 251. Miongoni mwa waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa saratani, seli zilionekana kwa mmoja hivi kati ya kumi. Miongoni mwa wale ambao saratani yao haikuweza kukatwa, zilionekana kwa sita kati ya kumi. Katika makundi yote mawili, walioonekana na seli hizo walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye.

Takwimu hizo zinapaswa kusomwa kwa pande zote mbili. Ni kweli kwamba kuonekana kwa seli ni ishara mbaya. Lakini wagonjwa wanne kati ya kumi wenye saratani isiyoweza kukatwa, ambayo kila daktari aliiona, damu yao haikuonyesha seli hata moja. Kwa maneno mengine, jibu la "hakuna kitu" katika kipimo hiki halina maana kwamba saratani haipo.

Ziko sababu za hali hiyo. Kijiko kimoja na nusu cha damu ni sehemu ndogo sana ya lita tano zilizomo mwilini. Pili, baadhi ya seli za saratani zinapojiandaa kusafiri huvua ile protini ya EpCAM, na hivyo sumaku hupita bila kuzinasa. Tatu, na hili linahusu saratani ya tumbo hasa, ugonjwa huu hupenda kusambaa kwa kudondosha seli moja kwa moja ndani ya uwazi wa tumbo, juu ya utando unaofunika utumbo, bila kupitia kwenye damu. Ndiyo maana madaktari wa upasuaji mara nyingi huingiza kamera ndogo kupitia tundu la tumboni na kuosha mle ndani kwa maji ili wachunguze maji hayo, kabla ya kuamua kama mgonjwa apasuliwe au la.

KUJUA NI JAMBO MOJA, KUSAIDIKA NI JINGINE

Hapa tunafika kwenye kiini cha mada yetu. Tuseme kipimo kimesema kweli, na seli zimeonekana. Je, kujua hivyo kutamsaidia mgonjwa aishi zaidi?

Swali hilo liliulizwa Marekani katika utafiti mkubwa kuhusu saratani ya matiti, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2014. Wanawake ambao seli za saratani zilibaki nyingi katika damu baada ya awamu ya kwanza ya kemo, jumla yao 123, waligawanywa kwa kura makundi mawili. Kundi moja liliendelea na dawa ile ile hadi daktari alipoona sababu za kawaida za kuibadilisha. Kundi la pili lilibadilishiwa dawa mara moja kwa kufuata kipimo cha damu. Wengi walitarajia kundi la pili litaishi zaidi. Haikuwa hivyo, makundi yote mawili yaliishi muda unaolingana. Kipimo kilikuwa kimesema kweli kuhusu hatari, lakini dawa ya pili haikuwa bora kuliko ile ya kwanza.

Kwa upande mwingine kuna habari njema kutoka Australia, ambako watafiti walitumia kipimo cha aina nyingine. Badala ya kutafuta seli nzima, walitafuta vipande vya vinasaba, yaani DNA, ambavyo uvimbe hudondosha katika damu seli zake zinapokufa. Mwaka 2022 walitangaza matokeo ya wagonjwa 455 wa saratani ya utumbo mpana ya hatua ya pili. Katika kundi lililoongozwa na kipimo cha damu, waliopewa kemo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 15 tu. Katika kundi lililofuata utaratibu wa kawaida walikuwa asilimia 28. Na baada ya miaka miwili, saratani haikuwarudia zaidi wale waliopunguziwa dawa. Hapo kipimo kilibadilisha uamuzi, na uamuzi huo ukawaepusha watu na sumu wasiyoihitaji.

Kwa saratani ya tumbo, tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa mgonjwa ambaye vinasaba vya uvimbe bado vinaonekana katika damu baada ya upasuaji yuko katika hatari kubwa ya kurudiwa na ugonjwa, na kwamba ishara hiyo inaweza kutangulia skani kwa miezi kadhaa. Kinachosubiriwa ni ushahidi kwamba kuanza tiba kwa sababu ya ishara hiyo kunarefusha maisha. Mpaka ushahidi huo upatikane, ufuatiliaji wa kawaida utaendelea kutegemea daktari kumpima mgonjwa kwa mikono, uzito wake, skani, na kamera ya tumboni inapohitajika.

Kuna sehemu moja ambayo damu tayari inaweza kubadilisha tiba. Dawa kadhaa za sasa hulenga protini fulani juu ya seli za saratani. Dawa ya trastuzumab, kwa mfano, husaidia wale ambao uvimbe wao una protini ya HER2 kwa wingi. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa 594, ulionyesha kuwa waliopata dawa hiyo pamoja na kemo waliishi kwa wastani miezi 13.8, na waliopata kemo peke yake miezi 11.1. Baadhi ya wagonjwa hupoteza protini hiyo wakati wa tiba, na dawa huacha kuwafaa. Kuchukua kinyama tumboni kila mara ni taabu. Kipimo cha damu kinaweza kumwonyesha daktari mabadiliko hayo bila kumwingizia mgonjwa mpira tena. Lakini hilo lina maana pale tu ambapo dawa hizo zinapatikana na mgonjwa anaweza kuzilipia.

HALI YA NYUMBANI

Nyumbani kwetu bakteria wa tumbo ni wa kawaida mno, na wengi humpata wangali watoto. Katika nyanda za juu za Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, madaktari wameripoti kwa miaka mingi kuwa saratani ya tumbo ni nyingi kuliko sehemu nyingine za kanda yetu. Hospitali zinazotibu saratani zipo, kama vile Ocean Road mjini Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani ya Uganda mjini Kampala, na Butaro nchini Rwanda iliyofungua kituo chake cha saratani mwaka 2012. Shida kubwa ni kwamba wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa. Kipimo cha kufuatilia seli katika damu hakiwezi kurudisha muda huo uliopotea.

Kwa mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 ambaye kiungulia chake hakiishi, anayekonda bila sababu au anayepata choo cheusi, fedha za kwanza zinapaswa kwenda kwenye endoskopi, yaani kipimo cha mpira wenye kamera, na kuchukuliwa kinyama. Hakuna kipimo cha damu kinachochukua nafasi hiyo. Akikutwa na bakteria wa Helicobacter pylori, atibiwe kwa ukamilifu na kupimwa tena kuhakikisha wamekwisha, badala ya kumeza vidonge vya kupunguza asidi mwaka hadi mwaka.

Na kwa yule aliyekwishafanyiwa upasuaji, vipo vipimo vya damu vya bei nafuu ambavyo familia nyingi huvisahau. Aliyeondolewa tumbo lote hawezi tena kufyonza vitamini B12 ipasavyo kutoka kwenye chakula, kwa hiyo huhitaji kuongezewa vitamini hiyo maisha yake yote, mara nyingi kwa sindano. Asipoipata, baada ya muda hupungukiwa damu, miguu hufa ganzi na kumbukumbu hupungua, na jamaa hudhani kuwa saratani imerudi. Wingi wa damu, madini ya chuma na B12 ni vipimo ambavyo jibu lake lina dawa, na dawa hiyo si ghali.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Wapenzi wasomaji, kama mtashauriwa kumlipia ndugu yenu kipimo cha seli za saratani au cha vinasaba vya uvimbe katika damu, muulizeni daktari anayemtibu, na si muuzaji wa kipimo, maswali haya:

Kwanza, je, kipimo hiki kimethibitishwa kwa saratani ya tumbo au kwa saratani nyingine tu?

Pili, jibu likiwa baya, mtabadilisha tiba gani? Na dawa hiyo mpya ipo, na bei yake ni kiasi gani?

Tatu, jibu likiwa zuri, mtaacha kufanya nini? Kama skani na kamera vitaendelea vile vile, kipimo kinatuongezea nini?

Nne, kitarudiwa mara ngapi? Kipimo kimoja peke yake husema machache. Faida ya ufuatiliaji inatokana na kulinganisha majibu ya nyakati mbalimbali, na kila jibu lina gharama yake.

Tano, je, kuna utafiti unaoendelea ambao mgonjwa anaweza kujiunga nao? Katika tafiti nyingi kipimo hicho hufanywa bila mgonjwa kutozwa fedha. Waishio Uingereza au Marekani wanaweza kuuliza katika hospitali wanazotibiwa.

Daktari akiwa na majibu ya wazi, hasa kwa swali la pili na la tatu, basi huenda fedha hizo zikamfaa mgonjwa. Akikosa jibu, ni afadhali mchango wa familia uende kwenye mambo yenye faida inayojulikana: nauli ya kwenda kliniki, kemo isiyokatizwa katikati, sindano za B12, dawa za maumivu, na chakula laini kinacholiwa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku.

Sayansi ya kutafuta seli za saratani katika damu inasonga mbele, na hakuna sababu ya kuidharau. Huenda siku si nyingi kipimo hicho kikawa sehemu ya kawaida ya tiba ya saratani ya tumbo kama kilivyoanza kuwa kwa saratani nyingine. Kwa sasa, mgonjwa wa nyumbani anahitaji zaidi kuwahi endoskopi kuliko kuwahi kipimo cha ng'ambo. Simu ijayo itakapopigwa kuuliza habari za kipimo, na sisi tulio mbali tuulize: ameshaonwa na kamera?